Tindikali Ifumayo Nguo

Kwetu Mkula, mvua haipigi hodi. Unaiona kwanza huko juu, ukungu unapofunika vilele vya Udzungwa, kisha msitu unaanza kuvuma, na kabla hujaanua nguo kambani mabati yameshaanza kupigwa. Kijiji kimekaa miguuni pa mlima, kando ya barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara, na maji yashukayo huko hupita kwetu: kwenye vijito, kwenye mifereji ya skimu, kwenye majaruba ya mpunga, hadi yakutane na Mto Kilombero. Maji hayo ndiyo yaliyotupa mchele. Ndiyo pia yanayokula chuma chetu.

Babu yangu alikuwa na kopo la oili chafu nyuma ya mlango. Kila jioni ya msimu wa kulima alisuuza jembe lake mferejini, akalisugua kwa majani makavu, akaliegemeza ukutani likauke, kisha akalipaka oili kwa kitambaa ambacho hakuruhusu mtu akitumie kwa kazi nyingine. "Chuma kina kiu, mjukuu wangu," aliniambia. "Usipokinywesha mafuta, kitakunywa maji." Nilikua nikiamini kwamba hiyo ndiyo hekima yote iliyopo juu ya chuma: mafuta, kitambaa, na kutosahau. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba ipo njia ya kukifanya chuma kivae nguo iliyofumwa kwa mwili wake chenyewe, tena kwa mkono wa adui yake.

Nililijua hilo kwa sababu ya skrubu.

Tulikuwa tunafunga dari la jipsamu, na fundi aliacha skrubu za kujaza kiganja kwenye kizingiti cha dirisha. Ni zile nyeusi zinazouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Nikaokota moja. Haikung'aa. Rangi yake ilikuwa ya kaa lililozimika, na nilipoipitisha kati ya vidole nilihisi ukavu wenye mkwaruzo mdogo sana, kama unga wa dona. Nikachukua wembe nikaikwangua, nikitazamia ule weusi ubanduke magamba kama rangi ya mlango. Haukubanduka. Ulisagika tu pale wembe ulipopita, ukaacha mstari mwembamba wa chuma cheupe. "Hiyo si rangi, mzee," fundi alisema kutoka juu ya ngazi. "Hiyo ni ngozi yake." Alisema kweli kuliko alivyokusudia.

Ngozi ile ni fosfeti. Ni jamii ileile ya kitu kilichomo katika mifupa yetu, katika meno yetu, katika mfuko wa mbolea ya kupandia. Na haikupakwa juu ya skrubu. Iliota pale.

Tuanze na kutu, maana asiyeijua kutu hataona ukubwa wa jambo hili. Chuma safi hakichimbwi ardhini. Ardhini kimelala kikiwa kimeshikana na oksijeni, ndiyo ule wekundu wa udongo tunaoukanyaga. Mwanadamu hukitoa humo kwa moto na makaa. Wafipa walifanya hivyo kwa matanuru ya udongo marefu kuliko kimo cha mtu. Viwanda vya leo vinafanya hivyo kwa matanuru marefu kama maghorofa. Lakini kazi ni ileile, kumtenganisha chuma na mwenziwe kwa nguvu, na tangu siku hiyo chuma hutafuta njia ya kurudi. Kikipata maji na hewa kinaianza safari, na rangi yake inakuwa ileile ya udongo kilikotoka.

Ubaya wa kutu si kwamba ni chafu. Ubaya wake ni kwamba haitulii. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, inavimba, inapasuka, inadondoka, na kila ufa ni mlango mpya wa maji. Itazame sufuria ya alumini: nayo hushika oksijeni mara tu inapokwanguliwa, ila utando wake ni mwembamba, umeng'ang'ania, na baada ya hapo hakuna linaloendelea. Muumba hakukipa chuma utando wa namna hiyo. Nimeacha kulihesabu hilo kuwa upungufu tangu nilipotambua kwamba ni chuma hichohicho, kwa tabia hiyohiyo ya kuivutia oksijeni, kinachobeba pumzi ndani ya damu yangu. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini, uzito wa msumari mmoja mdogo, na uhai wake umening'inia kwenye msumari huo.

Sasa njoo tusimame kando ya birika la kiwandani.

Kipande cha chuma huoshwa kwanza kwa maji ya moto yenye dawa kali ya kuondoa mafuta, hata alama ya kidole isibaki, kwa kuwa palipo na grisi hapataota kitu. Husuuzwa. Kisha hutumbukizwa katika maji moto yenye asidi ya fosforiki kiasi, na ndani yake imeyeyushwa zinki, au manganisi. Birika la zinki kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 40 na 70 za selsiasi. La manganisi hukaribia kuchemka, nyuzi 90 na zaidi. Zinki imo, fosfeti imo, lakini huvioni, kama vile huioni chumvi ndani ya mchuzi. Kinachovifanya vibaki vimeyeyuka ni ule ukali wa tindikali. Ukali ukipungua kidogo tu, vitaganda. Birika zima limesimamishwa ukingoni namna hiyo, likisubiri.

Chuma kinaingia. Tindikali inakiuma.

Inafanya kazi ambayo tindikali hufanya: inanyofoa chuma kutoka usoni mwa kile kipande, na viputo vya haidrojeni vinapanda juu kama sufuria inayotaka kutokota. Mtu asiyejua angepiga kelele kitolewe haraka. Lakini tindikali haiwezi kuuma bila kutumika. Kila inapouma, inajimaliza mahali pale. Kwenye utando mwembamba wa maji unaogusa chuma, ukali unashuka, ilhali hatua ndogo tu kutoka hapo birika bado ni kali kama mwanzo. Basi pale kwenye jeraha, na pale tu, fosfeti inashindwa kuendelea kuyeyuka. Inaganda. Inaganda kuwa fuwele juu ya jeraha lenyewe, na chuma kilichonyofolewa muda huohuo kinakamatwa na kufumwa humo pamoja na zinki.

Wahenga walituonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hapa mlaji mwenyewe amegeuka nguo.

Kinachonishika pumzi zaidi ni jinsi kazi hii inavyojua kukoma. Palipokwisha kufunikwa na fuwele, tindikali haifiki tena, hivyo haiumi. Inahamia palipo wazi. Palipo wazi panaumwa, panavikwa. Kona, tundu, mtaro mdogo wa uzi wa bolti, vyote vinafikiwa, kwa sababu mshonaji haendi kwa macho, anaongozwa na uwazi wenyewe. Nguo inakatwa kwa kipimo cha uchi. Na pasipobaki uchi, viputo vinapungua, vinakoma, maji yanatulia. Hakuna aliyeiambia tindikali basi.

Kuna jambo dogo la kitaalamu ambalo mkulima wa Mkula atalielewa upesi kuliko msomi wa mjini. Katika viwanda vingi, kabla ya birika la fosfeti, chuma huchovywa kwanza katika maji yenye chembechembe laini mno za fosfeti ya titani. Chembe hizo zinakaa usoni mwa chuma kama mbegu, na kila mbegu inaanzisha fuwele yake. Bila mbegu, fuwele chache zinaota kubwa kubwa, zikiacha nafasi. Kukiwa na mbegu nyingi, zinaota nyingi, ndogo, zimebanana. Ni habari ya kitalu cha mpunga: ukisia haba, kila mche unatanuka utakavyo na ardhi inaonekana katikati, ukisia kwa wingi, miche inabanana na huoni udongo. Tunayajua haya kwa miguu yetu tukiwa topeni. Chuma nacho kimeamriwa kuyafuata.

Thomas Watts Coslett, Mwingereza wa Birmingham, ndiye aliyeiandikishia hataza njia hii mwaka 1906, akichemsha vyuma katika asidi ya fosforiki iliyotiwa chembe za chuma. Ilimchukua masaa. Mwaka 1915 familia ya Parker ikaanzisha kampuni huko Detroit, Marekani, kuiendeleza, na jina lao likashikamana nayo kiasi kwamba mafundi wa bunduki hadi leo wanaitaja kwa jina hilo. Ule ukijivu usiong'aa wa silaha za vita kuu ya pili ni kazi yake. Baadaye ziligunduliwa chumvi za kuharakisha, na masaa yakawa dakika. Magari yakaanza kuvishwa fosfeti kabla ya rangi. Mjerumani Fritz Singer akaonyesha mwaka 1934 kwamba chuma kilichovikwa hivi hushika mafuta ya kulainishia kwa nguvu hata kikivutwa kuwa waya au bomba hakichubuki. Mengine ni historia ya viwanda, na wapo wanaoijua vizuri kuliko mimi.

Mimi nataka kubaki kwenye matundu.

Kwa maana nguo hii ina matundu. Ukiikuza kwa darubini kali unaona fuwele zimelala kama majani makavu yaliyoangushwa na upepo, na kati yake kuna vipenyo visivyohesabika. Kwa hiyo fosfeti peke yake si kinga kubwa. Zile skrubu nyeusi ukiziacha nje masika moja zitakuwa nyekundu. Zimetengenezwa kwa ajili ya ndani, penye ukavu. Mtu wa haraka atasema basi ni kazi bure. Lakini vipenyo vile ndivyo vilivyotafutwa. Oili ikipakwa haikai tu juu juu ikafutika kwa kitambaa. Inaingia kati ya fuwele na kukaa humo. Rangi ikipigwa inazamisha vidole vyake humo na kushika. Chuma kitupu ni laini mno kwa rangi, kama mnazi uliopakwa sabuni kwa mtu anayetaka kuupanda. Kwenye chuma kitakachopakwa rangi, gramu 1 hadi 5 za fosfeti ya zinki kwa mita nzima ya mraba zinatosha, unene usiofika sehemu ya kumi ya unywele. Kwa utando huo mwembamba, rangi inayokwaruzwa na jiwe la barabarani haiachi kutu itambae chini yake upesi. Kungekuwa hakuna matundu, kungekuwa hakuna pa kushika.

Nalijua hili kwa gharama. Nilitengenezewa geti wakati mmoja, likapigwa rangi ya kijani siku ileile lilipotoka kuchomelewa, bila kuoshwa, bila msasa, grisi ya kiwandani ikiwa bado juu ya mabomba. Lilipendeza. Masika hayakuisha kabla halijaota malengelenge, na nilipoyatoboa kwa ukucha, maji ya rangi ya chai yalitiririka. Rangi ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa imekaa juu ya chuma kama shuka juu ya mgonjwa. Hawakuwa wameshikana popote. Mwaka uliofuata tulilikwangua lote, tukalipaka dawa ya kutu ya dukani, ambayo kiini chake ni asidi ya fosforiki, tukaona wekundu ukigeuka mweusi wa kijivu mbele ya macho yetu, tukaosha, tukakausha, tukapiga praima kisha rangi. Si kazi ya birika la kiwanda, fuwele zake si nzuri namna ile. Lakini geti lile bado limesimama na rangi yake.

Hata asiyejua jina la asidi hii ameitumia. Nati ikigoma kwenye baiskeli, fundi wa chini ya mwembe anaimwagia Coca-Cola, anasubiri, anajaribu tena. Soda ile ina asidi ya fosforiki, kidogo. Inatafuna kutu katikati ya nyuzi, na chuma kilicho chini kinabaki na kijivu hafifu.

Zipo fosfeti nene zaidi, za manganisi, nyeusi, zinazovishwa gia na ringi za pistoni. Hizi hazingoji rangi. Zinajazwa oili, zinaingizwa ndani ya injini mpya, na katika siku zile za mwanzo ambapo chuma kigeni kinakutana na chuma kigeni na kila kimoja kina ukali wake, ni fosfeti inayosimama katikati, ikilainisha, ikikubali kusagika yenyewe ili wale wawili wasichubuane. Wakishazoeana, sehemu kubwa yake imekwisha. Naifananisha na kungwi, anayeingia na bibi harusi siku za mwanzo, kisha anaondoka bila kudai kukumbukwa.

Wataalamu wamezipa fuwele zinazoota birikani majina. Ile ya zinki tupu wanaiita hopeiti; ile iliyochanganya zinki na chuma wanaiita fosfofiliti. Si majina waliyoyabuni kwa ajili ya viwanda. Ni majina ya mawe. Fuwele hizi zilikuwa zikiota ardhini kabla hajazaliwa mtu wa kuchemsha maji. Hopeiti ilielezwa na wanasayansi mapema katika karne ya 19, ikapewa jina la Thomas Charles Hope, mwalimu wa kemia wa Edinburgh. Ni jiwe adimu. Na mahali pamojawapo duniani panaposifika kwa fuwele zake nzuri, pako mbele kidogo ya mwisho wa reli inayopita Kilombero.

Wazee wetu waliiona TAZARA ikijengwa. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Mang'ula, jirani zetu, palikuwa na kambi kubwa na karakana za Wachina. Reli yenyewe haikuvishwa chochote. Ubavuni ina kutu ya kahawia, na juu magurudumu yanaing'arisha kama kioo. Ukipanda treni hiyo ukavuka Ifakara, ukavuka Mlimba, ukapanda nyanda za juu na kufika mwisho wake Kapiri Mposhi, bado hujafika ninapotaka kukupeleka. Shuka, ufuate reli ya Zambia kuelekea kusini, mwendo wa kilomita sitini na kitu. Utafika Kabwe, mji wa risasi na zinki, uliokuwa ukiitwa Broken Hill.

Pale wachimbaji, mwanzoni mwa karne ya 20, walikuta pango lililojaa mifupa. Wanyama wa kale kwa wingi, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1921 humohumo likatoka fuvu la mtu wa kale ambalo hadi leo liko kwenye makumbusho London, na kwa fuvu hilo dunia ikaijua Kabwe. Lakini mimi nataka utazame mifupa ya wanyama. Maji yaliyopita katika miamba ya zinki yaliingia pangoni yakiwa na zinki ndani yake. Mifupa ilikuwa na fosfeti. Vikakutana gizani, taratibu, kwa miaka isiyohesabika, na fuwele za fosfeti ya zinki zikaota juu ya mifupa na ndani ya vinyweleo vyake. Hopeiti. Fuwele ileile, kwa mpango uleule wa chembe zake, inayoota leo juu ya mlango wa gari kwa dakika tatu.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilifunga kitabu. Coslett na waliomfuata hawakubuni kitu. Walisikia tu jambo ambalo zinki na fosfeti walikuwa wakiambiana pangoni tangu zamani sana. Sura ya 57 ya Qurani imeitwa Al-Hadid, Chuma. Katika Mwanzo ametajwa Tubal-kaini, mfua shaba na chuma, kabla hata ya gharika. Vitabu vya dini havikukipita chuma kimyakimya. Nami nikisimama mbele ya kazi hii ya birika siwezi kuipita kama habari ya kiwanda. Aliyeiweka sheria hii aliiweka itumike pangoni na karakanani bila kubadilisha nukta, akaiacha hapo, akasubiri mtoto wa Adamu aione.

Sheria hiyo haihitaji hata birika: kaskazini mwa India, huko Delhi, imesimama nguzo ya chuma yenye kimo cha mita 7 na uzito wa zaidi ya tani 6. Imesimama kwenye mvua za masika ya Kihindi kwa miaka ipatayo 1,600, na haijaliwa. Watu walitoa visa vingi kuieleza. Wataalamu wa India walipoichunguza karibu miaka ya 2000 walikuta, chini ya kutu nyembamba ya nje, utando wa fosfeti ya chuma yenye fuwele. Wahunzi wa kale walikiyeyusha kwa makaa, na chuma chao kikabaki na fosforasi nyingi ambayo matanuru ya sasa huiondoa, kwa kuwa inakifanya chuma kiwe chepesi kuvunjika. Kasoro ile ya chuma ilikuwa inajitokeza polepole usoni, mvua baada ya mvua, na kukifunika. Nguzo ilijivika yenyewe.

Na fosforasi hiyo inatoka wapi? Mwaka 1669 huko Hamburg, Hennig Brand alichemsha mikojo akitafuta dhahabu, akapata kitu kinachong'aa gizani. Alikuwa ameichota kutoka mwilini mwa watu. Kila mmoja wetu ana takriban gramu 700 za fosforasi, nyingi ikiwa kwenye mifupa na meno, na sehemu ya zilizobaki ikishikilia uzi wa urithi ndani ya seli. Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, tunaichimba kutoka kwenye mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale, tunaisaga iwe mbolea. Ndege aliyevua samaki kabla ya kuwepo mtu wa kumwona anamlisha mwanafunzi wa leo. Hata kwenye ini letu chuma cha akiba kimehifadhiwa ndani ya protini kikiwa kimechanganyika na fosfeti. Popote hawa wawili wanapokutana wanashikana.

Wanashikana pia mashambani kwetu, na hapo kushikana kwao kunaumiza. Udongo mwekundu wa nchi za joto una chuma kingi, na chuma hicho kinaikamata fosfeti kiasi kwamba mmea unakufa njaa juu ya chakula. Mkulima wa mahindi wa mlimani anaijua njaa hiyo kwa majani kugeuka zambarau. Mkulima wa mpunga bondeni ana bahati nyingine. Anapoyafungulia maji yaingie jarubani na kuyaacha yasimame, hewa inakwisha ndani ya tope, vijidudu vya udongoni vinaanza kukibadilisha chuma kiweze kuyeyuka, na chuma kikiyeyuka kinafumbua mkono. Fosfeti inatoka. Mpunga unakula. Bonde zima la Kilombero kila msimu ni birika moja linalofanya kinyume cha birika la kiwandani: huko chuma na fosfeti wanafungwa, huku wanafunguliwa.

Ndiyo maana nawasihi wenye karakana, na wanazidi kuongezeka: maji yaliyosuuza vyuma yasimwagwe mtaroni. Yana fosfeti, na mara nyingi nikeli pamoja nayo. Yatatufikia. Bonde hili limeandikishwa tangu mwaka 2002 miongoni mwa ardhi oevu za kimataifa, wanamokaa sheshe na samaki wengi, na maji yake hayana mahali pengine pa kwenda.

Mwezi wa tano, mpunga ukiwa umesimama magotini, nilikwenda jarubani asubuhi mapema. Nikang'oa shina moja, nikalisuuza mferejini mahali ambapo babu alisuuzia jembe. Tope lilipoisha mizizi ikabaki na rangi ya machungwa, rangi ya kutu kabisa, kutoka shinani hadi karibu na ncha nyeupe. Nilikuwa nimeiona tangu utoto nikidhani ni uchafu. Ni chuma. Mpunga unavuta hewa kwa majani, unaishusha hadi mizizini, unaivujisha kidogo kwenye tope; chuma kilichoyeyuka kikigusana na hewa hiyo kinaganda juu ya mzizi na kuuvika. Vazi hilo linausaidia mmea usinyweshwe chuma kupita kiasi, na fosfeti inayopita karibu inanaswa humo, hatua moja kutoka mdomoni mwake.

Nikasimama na shina lile mkononi, maji yakidondoka. Upande wa bondeni treni ya mizigo ilipiga honi ikielekea Mlimba. Nikainama, nikalirudisha shina matopeni, nikashindilia kwa kidole gumba.